Sura ya Nne: Tairi la Dresa Simeoni

Inspekta Pringle aliamini kwamba Mwafrika na mtambo havipatani, na Jumatatu ile asubuhi aliieleza imani yake kwa mara nyingine. Alikuwa amesimama nyuma ya kituo cha polisi cha Singida, kikombe cha chai mkononi, buti moja juu ya pikipiki ya mtu aliyekufa.

"Sajini, hii kazi rahisi," alisema. "Hii mutu alikunywa pombe. Alipanda pikipiki. Alikimbia kama shetani. Alikufa. Na ile fundi hakufunga breki sawasawa. Kwisha. Wewe andika maneno ya fundi, yeye tia dole gumba, kesho Bwana Hakimu nafunga yeye."

"Ndiyo, Afande," alijibu Sajini Antipasi.

Alikuwa Mnyaturu mwembamba, mwenye umri wa miaka arobaini na ushei. Wakati wa vita alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki huko Burma, katika matope ambamo Pringle angezama mpaka kofia. Alipenda kusema "Ndiyo, Afande" kwa sauti ileile ambayo watu wengine huitumia kufukuzia nzi.

Aliyekufa alikuwa Simeoni Msengi, dresa wa zahanati, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kwa pikipiki ya baraza, akifunga vidonda na kuchoma watu sindano. Alhamisi alasiri alikutwa amekufa kwenye mteremko wa korongo karibu na Mtinko. Jumbe wa pale alileta habari bomani, koplo akapelekwa kutazama, na koplo akarudi na maneno matatu: pombe, mbio, breki. Nati ya chuma cha breki ya nyuma haikuwapo. Ijumaa wakamkamata Leonidas, fundi wa mjini aliyeitengeneza pikipiki ile siku moja kabla ya ajali.

Antipasi alichuchumaa. Pringle akaondoa buti lake kwa shingo upande, kama mtu aliyeombwa kupisha kuku.

Gurudumu la mbele lilikuwa zima. Mikono ya uma inayolishika ilikuwa imenyooka. Pikipiki hii haikugonga jiwe, wala ng'ombe, wala mti. Lakini taa ya mbele ilikuwa imebonyea ndani, kioo hakuna, na juu ya bakuli la taa palikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba, umepanda moja kwa moja kuelekea usukani. Chuma kilikuwa kimekwanguliwa mpaka kikang'aa.

Akaenda nyuma. Akalizungusha gurudumu polepole kwa kidole, halafu akalisimamisha. Mahali pamoja, pana kama kiganja cha mtu, meno ya tairi yalikuwa yamelika kabisa mpaka nyuzi zikachungulia. Kwingine kote tairi lilikuwa jipya.

"Afande, gurudumu likizunguka, tairi linalika pande zote," alisema. "Hili limelika mahali pamoja tu. Lilikamatwa, likakataa kuzunguka, likaburutwa."

"So?"

"Kwa hiyo breki zilishika, Afande. Zilishika kwa nguvu. Aliona kitu, akakanyaga."

Pringle alilitazama tairi kwa muda ambao haukutosha kuona chochote. "Nati hakuna," alisema.

"Ndiyo, Afande. Nati hakuna. Aliyeitoa aliitoa baada ya ajali."

"Wewe andika maneno ya fundi," alisema Pringle, na akaenda kutafuta chai nyingine.

Mahabusu palikuwa na chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Fundi Leonidas alikuwa amekaa sakafuni huku akilia kwa sauti ya chini ambayo Antipasi aliichukia tangu aliposikia mwanzo wake. Nje ya nondo alisimama mwanamke mrefu mwenye kaniki nyeusi ya msiba, akimpitishia bakuli la uji.

"Nitatia dole, Sajini," alisema Leonidas kabla hajaulizwa. "Nitatia popote mnapotaka. Mimi sina nguvu ya kesi."

"Nati uliikaza au hukuikaza?"

"Niliikaza. Niliikaza mpaka mkono ukauma."

"Sasa unatia dole kwenye nini, mjinga wewe? Kunywa uji wako unyamaze."

Akamgeukia mwanamke. "Na wewe ni ndugu yake?"

"Mimi ni Raheli, mke wa Simeoni."

Antipasi akavua kofia. Hakuwa mtu wa kuvua kofia ovyo. "Pole na msiba, mama. Unamletea uji mtu anayesemwa amemuua mumeo?"

"Anayesemwa na nani? Na yule Mzungu aliyeweka mguu juu ya pikipiki?" Raheli alilipokea bakuli tupu kupitia nondo. "Huyu hajui hata kumkemea mbuzi. Aliyemuua mume wangu ni mwingine."

"Ni nani?"

"Hiyo ni kazi yenu. Mna kofia, mna mikanda, mna pikipiki. Tafuteni."

Antipasi hakukasirika. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa ameambiwa jambo lenye akili.

"Mumeo alikuwa anakunywa?"

"Alikuwa akinywa kila Jumamosi, nyumbani kwa kaka yake. Sikudanganyi. Lakini siku ya kazi, na sanduku la sindano limefungwa nyuma yake? Hata maji ya njiani alikuwa anayanusa kwanza. Sasa mzee wa kanisa amekataza kengele isigongwe, eti mlevi. Tumemzika mganga wa watu kama tunafukia mbwa."

"Nani alimwosha?"

"Mimi na shangazi zake." Akapitisha kidole chini ya kidevu, kutoka sikio hadi sikio. "Alikuwa na mstari hapa. Mwembamba, mweusi, umenyooka. Nikamwambia koplo wenu. Akasema ni usukani."

"Usukani ni mnene kama kidole gumba."

"Mimi nilijua hivyo. Sikuwa na mikanda, ndiyo maana sikusikilizwa."

Shati la marehemu lilikuwa stoo, ndani ya gunia. Antipasi alilitandaza juu ya meza. Mbele palikuwa na damu iliyokauka na vumbi jekundu lililoshindiliwa ndani ya nyuzi, kwa kuwa mtu aliyelivaa alianguka kifua chini. Mgongoni hapakuwa na damu. Palikuwa na doa kubwa la pombe ya mtama, machicha yamekauka juu yake kama uji kifuani mwa mtoto.

Akaita. "Koplo Isaka!"

Koplo Isaka, aliyekuwa ameiandika ile taarifa ya maneno matatu, alikuja anafungafunga vifungo. Alikuwa mtu mnene, askari wa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukutana na jambo la kumshangaza, kwa sababu hakuwahi kutazama.

"Ulinusa pombe wapi?"

"Kwa marehemu, Sajini."

"Mdomoni?"

"Ee... kwenye shati."

"Ulimkuta amelalaje?"

"Kifudifudi. Jumbe alisema hakuna aliyemgusa, walingoja polisi, ni sheria."

"Mlevi anayejimwagia pombe mgongoni, Koplo, umeshawahi kumwona?"

Isaka alifikiri. Kufikiri kulimtoa jasho. "Jumbe alikuwa ametuchinjia kuku, Sajini," alisema hatimaye, kama vile hilo lilijibu swali.

"Chukua kofia yako. Tunakwenda Mtinko."

Kabla ya kuondoka Antipasi aliikagua pikipiki ya polisi kama ilivyokuwa desturi yake: matairi, mnyororo, breki ya mkono, breki ya mguu. Akavaa miwani ya vumbi na kofia ngumu ya jeshi, akaifunga mkanda chini ya kidevu. Askari wawili waliokuwa barazani walicheka. Wote wawili waliendesha kwa kofia za kupepea, na mmoja alikuwa na jino moja tu la mbele. La pili alilipoteza kwenye kona ya soko. Antipasi hakuwajibu. Watu wa namna hiyo aliwaachia barabara iwajibu.

Walikwenda taratibu, Isaka amemkumbatia kiunoni, macho amefumba. Upepo wa Juni ulikuwa unakwangua nchi, na vumbi lilisimama nyuma ya kila ng'ombe. Kabla ya kila kona Antipasi alipiga honi na kupunguza mwendo. Walipokaribia Mtinko barabara ilizunguka jabali kubwa kama nyumba, kisha ikateremka ghafla kwenda korongoni. Hapo, mara tu baada ya jabali, palikuwa na kizuizi cha karantini. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeingia kwa ng'ombe upande wa pili, na Bwana Mifugo alikuwa ameamuru mnyama yeyote asivuke.

Kizuizi kilikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya panda mbili. Mlinzi wake, kijana mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mno, aliruka akasimama wima na kupiga saluti kwa mkono wa kushoto.

"Jina?"

"Chrispin, Afande. Mlinzi wa karantini. Mkwe wa Jumbe Mughwai." Hili la mwisho alilitamka kama cheo.

"Alhamisi ulikuwa hapa?"

"Hapa hapa, Afande. Nimesimama."

"Dresa alipokuja, ulifanya nini?"

"Nilipunga bendera nyekundu. Hakusimama. Alikuwa amelewa, anaimba."

"Anaimba. Pikipiki inanguruma, na wewe unasikia anaimba. Wimbo gani?"

Chrispin akarekebisha mkanda wa kaptula. "Wa... wa kanisani."

"Mlevi mcha Mungu. Bendera iko wapi?"

"Ilichanika, Afande."

Antipasi aliuendea mti wa kizuizi, akauparua kwa ukucha. Gamba lilitoka na maji. Vijani viwili bado vilikuwa vimeshikilia kijitawi, havijanyauka vizuri.

"Mti huu ulikuwapo Alhamisi?"

"Ulikuwapo tangu karantini ianze."

"Yaani uko hapa tangu mwezi jana, na bado unatoa majani. Ungekuwa shambani ungezaa." Akazunguka upande wa pili. "Haya. Mtu anakuja na pikipiki. Haoni bendera. Hasimami. Mti uko mbele yake. Nao hauna hata mkwaruzo. Nieleze alipitaje. Aliruka juu kama ndege, au aliingia chini kama panya?"

Chrispin alitazama mti kana kwamba ungemsaidia. Kisha akatazama koplo. Koplo Isaka akatazama viatu vyake.

"Muulize Jumbe, Afande," alisema Chrispin.

"Nitamuuliza. Kaa hapo chini."

Kando ya barabara palikuwa na mgunga mzee. Kwenye gamba lake, kimo cha taa ya pikipiki, palikuwa na mfereji mwembamba uliouzunguka mti, umekata mpaka kwenye nyama nyeupe. Ng'ambo ya barabara, sawasawa na mgunga, palikuwa na shimo la nguzo lililojazwa udongo mpya. Antipasi akafukua kwa fimbo. Katikati ya hizo sehemu mbili, vumbini, akaokota vipande vya kioo cha taa. Koplo Isaka alikuwa amepita juu ya vipande hivyo Alhamisi akielekea kwenye kuku wake.

"Waya," alisema Antipasi. "Walifunga waya. Uligonga taa, ukapanda usukani, ukamfika shingoni."

Akampeleka Isaka asimame kwenye mgunga, nje ya barabara, akamwamuru asitikisike. Mwenyewe akarudi juu na pikipiki, akaja akishuka kwa mwendo wa mtu mwenye watoto nyumbani. Alipozunguka jabali akamwona Isaka, akakanyaga breki. Gurudumu la nyuma likakamatwa, likaburuta, likapiga kelele. Alimpita Isaka kwa urefu wa ng'ombe ndipo akasimama. Akajaribu tena, taratibu zaidi. Akampita tena. Mara ya tatu alimwamuru Isaka asimame juu kabla ya jabali na kupunga kofia. Safari hiyo alisimama vizuri, na angeweza kushuka, akafunga kamba za viatu, akaendelea na safari.

Isaka alijipangusa vumbi. "Kwa hiyo hata bila mbio mtu hasimami," alisema.

"Haikuwa mbio, hakuwa amelewa, na breki zilishika. Maneno yako matatu, Koplo. Umekosea yote. Hata mtu anayebahatisha hupata moja."

Nyumba ya Jumbe Mughwai ilikuwa juu ya kilima kidogo, ya bati, na yeye mwenyewe alikuwa barazani katika kanzu safi na koti la Kizungu. Alikuwa mtu wa kukaa. Alikaa kwa namna ambayo wengine hufanya kazi.

"Shikamoo, Jumbe," alisema Antipasi, maana heshima ya umri ni heshima ya umri hata inapompata asiyestahili.

"Marahaba, mwanangu. Karibu maziwa."

Maziwa yakaletwa. Antipasi akakiweka kibuyu chini bila kukipeleka mdomoni. Jumbe alikiona, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Umekuja kwa ajili ya yule kijana mlevi," alisema. "Vijana hawa wakipewa pikipiki wanadhani wamepewa mabawa. Nilimkuta mimi mwenyewe. Inasikitisha sana."

"Alilalaje?"

"Kifudifudi. Sikuruhusu mtu amguse. Mimi ni mtu wa serikali, najua sheria."

"Hamkumgeuza hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Pombe iliyo mgongoni mwake imetoka mbinguni?"

Jumbe akatabasamu kama mtu aliyesikia utani wa mtoto. "Koplo wako alielewa mambo haya vizuri," alisema.

"Koplo wangu alielewa kuku."

Antipasi alikuwa anatazama zizi. Lango lake lilikuwa limefungwa kwa mti mmoja mnyoofu, mzuri, ambao haukufanana kabisa na miti mingine ya boma lile. Ulikuwa na mapande ya rangi mbili, jeupe na jekundu, jeupe na jekundu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Samadi ilikuwa imeupaka kiasi, lakini si ya kutosha.

"Mti mzuri ule wa zizi, Jumbe."

"Wa zamani."

"Bwana Mifugo aliupaka rangi mwenyewe mwezi uliopita ili watu wauone kutoka mbali. Ng'ombe wako wana macho mabaya?"

Antipasi akainuka, akasimama mlangoni. Juu ya mlango bado vilining'inia vibendera vya karatasi vya sherehe za kutawazwa kwa Malkia, vimepaushwa na jua. Katikati yao kilining'inia kitambaa chekundu cha pamba, kimepindwa ukingoni kwa cherehani.

"Hiki si karatasi," alisema. Akakivuta, kikakatika uzi. "Hii ni bendera ya kizuizi. Uliichukua upambe mlango."

"Malkia anatawazwa mara moja," alisema Jumbe kwa hasira. "Ulitaka nyumba ya Jumbe ikae uchi? Nilimpa yule mpumbavu waya! Waya mzima wa chuma! Nikamwambia afunge na asimame pale. Yeye akafunga akaenda kilabuni kunywa. Mkamateni. Ni yeye!"

Alisema hayo kwa sauti kubwa mno. Chini ya kilima, Koplo Isaka alikuwa anakuja na Chrispin, na Chrispin alikuwa na masikio.

"Mimi?" alisema Chrispin. Akasimama. "Mimi, baba? Sawa. Nasema yote."

"Funga mdomo!"

"Jua lilikuwa kali, Afande. Nilifunga waya nikaenda kilabuni, kweli. Nikasikia pikipiki inakuja, halafu nikasikia imenyamaza. Nilikimbia. Kibuyu kilikuwa bado mkononi. Alikuwa amelala barabarani." Akajifuta pua kwa mkono. "Alikuwa anapumua."



"Rudia," alisema Antipasi.

"Alikuwa anapumua, Afande. Alinionyesha sanduku lake kwa mkono, lile la dawa. Sikujua nichukue nini. Nikamkimbilia baba mkwe. Lori la mkulima mmoja lilikuwa hapa linapakia karanga, lingemfikisha hospitali. Baba mkwe akaniambia lile lori liachwe liende. Akasema tungoje kwanza. Tukangoja pale kando yake. Aliponyamaza ndipo baba mkwe akaniambia nimmwagie pombe. Yeye mwenyewe akafungua nati kwa spana ya baisikeli yake, akaitupa korongoni. Kisha tukang'oa waya na nguzo, tukalaza ule mti mbichi."

Antipasi aliandika yote, akamsomea, akamwuliza kama ni maneno yake. Chrispin akasema ni yake. Jumbe Mughwai akasema kwamba kijana ana kichaa. Kisha akasema kwamba dresa angekufa tu. Kisha akasema kwamba barabara ni ya serikali, mti ni wa serikali, bendera ni ya serikali, naye ni serikali. Antipasi aliandika na hayo.

"Ng'oa ule mti wa zizi, Koplo," alisema. "Mpe Jumbe aubebe."

"Mimi nibebe mti?"

"Uliubeba kuja hapa. Njia unaijua."

Waliteremka hadi barabarani na kusimamisha lori la magunia lililokuwa likienda mjini. Jumbe akafungua mlango wa mbele ili akae na dereva. Antipasi akaufunga tena, akamwonyesha nyuma, juu ya magunia, kando ya Chrispin.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika bomani. Lori lilipita katikati ya soko, na watu walipomwona Jumbe wa Mtinko juu ya magunia, amekumbatia mti wa rangi mbili na kanzu imejaa samadi, waliacha kununua na kuuza wakalifuata. Kufika kituoni walikuwa wamejaa uwanja. Mzee wa kanisa alikuwamo, amevaa tai yake.

Pringle aliisikiliza habari ofisini, dirisha wazi, akigonga penseli mezani.

"Mulinzi tosha," alisema. "Yeye alifunga waya. Yeye funga jela. Fundi, toa. Jumbe ni mutu ya serikali, Sajini. Mimi naweza kueleza Bwana DC nini? Bendera ya Malkia imeua dresa? Jumbe narudi nyumbani. Hapana andika yeye."

"Aliliacha lori liende, Afande. Akangoja mtu afe."

"Nani nasema? Mulinzi. Mulinzi ni muongo. Jumbe mwenyewe nasema?"

"Bado, Afande."

"Basi."

Antipasi akapiga saluti, akatoka nje. Raheli alikuwa amefika, amesimama kando ya mlango wa mahabusu. Antipasi akamwambia kwa sauti ya chini yote aliyoyasema Chrispin, bila kupunguza hata neno, hata lile la sanduku la dawa. Raheli alisikiliza huku ameshika nondo. Sajini alipomaliza, akaziachia. Akavuka uwanja, watu wakimpisha, mpaka mbele ya Jumbe aliyekuwa ameketi juu ya ule mti.

"Simama," alisema Raheli.

Jumbe Mughwai, ambaye hakuwahi kuambiwa neno hilo na mwanamke, alimtazama Antipasi.

"Usimtazame yeye. Mimi ndiye ninayezungumza nawe. Mume wangu alikuwa amelewa?"

Jumbe akanung'unika.

"Mzee wa kanisa yuko kule nyuma. Hasikii."

"Hakuwa amelewa," alisema Jumbe.

"Hata walioko sokoni hawajasikia."

"Hakuwa amelewa!" Sauti ilimtoka ikavunjika. "Hakuwa amelewa, mama, mnataka nini tena?"

"Mlipomkuta alikuwa anapumua?"

Kule dirishani penseli ya Pringle iliacha kugonga. Jumbe alizungusha macho akitafuta uso mmoja tu wa kumhurumia, akapita kwa Isaka, akapita kwa Chrispin, akapita kwa wazee wenzake wa mjini waliokuwa wakinywa maziwa kwake, na wote walikuwa wanamtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga.

"Alikuwa anapumua," alisema. "Kidogo. Kidogo tu."

"Na wewe ukangoja."

"Nikangoja."

Raheli akatema mate chini, miguuni pake, akageuka, akaenda.

"Koplo Isaka," alisema Antipasi, kwa sauti ya kutosha kufika dirishani. "Mwingize Jumbe mahabusu. Andika alichosema sasa hivi, neno kwa neno."

"Na mashahidi, Sajini? Niandike nani?"

"Waulize."

Isaka akafungua karatasi, akaramba penseli, akainua macho kwa watu. Hakuhitaji kuuliza. Wa kwanza kusogea mbele alikuwa mzee wa kanisa, akiivua tai yake taratibu, na nyuma yake uwanja mzima ukaanza kupanga foleni.